Mume na Mke Safarini Ziwani

Je, wewe na mwenzi wako mna boti ya injini, na mnataka kushuka kusini kutoka Bukoba hadi Chato mkiambaa na ufuko wa Ziwa Victoria?

Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji. Pepo za pande zote huelekea ziwani, hukutana na kuzaa radi na mawimbi. Hivyo, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kisha ng'oeni nanga kukipambazuka.

Vaeni maboya mkiwa bado ufukoni. Bebeni mafuta ya akiba na makasia. Mwachieni ndugu ratiba yenu. Nyote wawili mjue kuendesha: mmoja akiugua, mwenzake aifikishe boti nchi kavu.

Dharura? Pigeni 112.