Kupanda Longonot na Saumu

Mlima Longonot una mita 2,776, na njia yake ina vumbi na kivuli haba. Ukipanda, sehemu kubwa ya nguvu inayotumiwa na misuli hugeuka joto. Mwili hutaka kubaki karibu na nyuzi 37, basi hutoa jasho. Likikauka kwenye ngozi, huondoka na joto. Lakini aliyefunga harudishi maji hayo mpaka magharibi. Kwa hiyo, safari hiyo tuiweke baada ya Idi. Na ukimwona mwenzako anababaika maneno na mwili unachemka, usingoje adhana: mtie kivulini, mmwagie maji, mpepee, ita msaada. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua, siku atailipa.