Fedha za Safari ya Usiku



Mimi ni mhasibu, si daktari. Kamati imeniomba nieleze kwa nini mwaka huu tunachangia usafiri wa wagonjwa badala ya jengo. Jengo hupendeza kwenye picha, najua. Lakini yapo matatizo ambayo hesabu yake ni ya saa, si ya miezi.

Chukueni uzazi. Mtoto akishalia, watu huanza kupika uji na kushukuru, kumbe hatari kwa mama bado ipo. Kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kumuua mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili. Khanga ikilowa damu chapachapa na ya pili ikafuata, au akatoka jasho baridi na kizunguzungu, msingoje kupambazuke. Mlazeni, mfunikeni, mtoto awekwe kwenye titi, na mmoja apige 115, simu ya bure ya m-mama. Pasipo na gari la wagonjwa, wao humtafuta dereva waliyemsajili. Pigeni pia mjamzito akipata degedege, au kichwa kikali na macho kuona ukungu, au mtoto akitanguliza mkono.

Ila m-mama ni ya mama na mtoto mchanga. Mzee mwenye ngiri hahusiki, na wazee wetu huificha kwa aibu. Uvimbe wa kinena uliozoea kurudi ndani akilala, siku ukikataa kurudi, ukawa mgumu na kuuma, naye anatapika, huenda utumbo umebanwa na damu haiufikii. Asikandwe, asipewe chakula wala dawa ya kuharisha. Ateremshwe Same usiku huohuo. (Mwenye uvimbe ambao bado unarudi aende sasa, kwa miadi, akiwa na nguvu zake.)

Halafu kuna bodaboda na kona zetu. Mfupa ukitokeza nje, msiurudishe. Funikeni kwa kitambaa safi, fungeni banzi lipite kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Vidole vikipoa au kufa ganzi, legezeni kamba. Waunga mifupa wetu nawaheshimu, lakini mguu uliofungwa ukakazwa mno huweza kuoza, na hapo kinachofuata ni kukatwa.

Sasa fedha. Sitaki zikae benki Dar es Salaam zikisubiri saini tatu saa nane ya usiku. Napendekeza ziwe masurufu ya kudumu: kila kijiji na mtunzaji wake, ikiwezekana mama anayeaminika na asiyezima simu. Gari liondoke kwanza, stakabadhi ifuate. Akileta hesabu, tunamjazia kilichotumika. Mtauliza, zikiliwa je? Ndiyo maana kijiji kimoja hakitashika zaidi ya nauli za safari mbili. Hasara hiyo tunaweza kuibeba. Nitakagua vitabu kila robo mwaka, bila malipo.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tafadhali andikeni kiasi mtakachotoa kweli, na jina la kijiji chenu, ili tujue masurufu yaanzie wapi.