Kijakazi na Binti wa Kazi za Ndani

Msikilizaji, tuzungumzie kitabu. Mwaka 1978 Shafi Adam Shafi alitoa riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad. Humo yumo Kijakazi, mtumishi anayemtukuza bwana wake Mwarabu hata Mapinduzi ya 1964 yanapobisha hodi Zanzibar. Jina lenyewe lina maana ya mtumwa wa kike.

Hayo yanatuhusu nini sisi wa Mwandiga, Kigoma? Kwanza, Ujiji, jirani zetu hapo, palikuwa kituo cha misafara ya watumwa. Pili, na hili ndilo zito, leo mabinti zetu wanapanda treni kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Rangi ya bosi imebadilika. Utumishi bado ni uleule.

Waajiri nao wana hoja: kipato chao ni kidogo, na binti anakula na kulala kwao. Ni kweli. Hata hivyo, amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri. Hisani si mshahara.

Sasa nakuuliza wewe mzazi: kabla binti hajapanda treni, umeuliza atalipwa kiasi gani, na atapumzika siku ipi?