Ulimi wa Mtafiti



Mwaka jana, katika kikao cha masomo ya uzamili, mwenzetu mmoja ambaye elimu yake naihishimu alidai kwamba kumfundisha mwanafunzi wa utafiti namna ya kusema na umma ni kumfundisha kunadi bidhaa, kwa kuwa matokeo yaliyo sahihi hujisemea yenyewe. Akapigiwa makofi, na makofi hayo ndiyo yaliyonipandisha mimbari hii.

Sitawachosheni kwa habari za Faraday na mshumaa wake, wala za mihadhara ya Krismasi iliyoanza London mwaka 1825, hizo mnazijua. Nauliza tu: matokeo hujisemea kwa kinywa cha nani?

Iko makala moja ambayo mimi huisoma kila mwaka, iliyotoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Humo Erasto Mpemba asimulia jinsi mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba huko Lushoto, alivyochelea kukosa nafasi katika friji akatia maziwa yake ya sukari yangali moto, ilhali mwenzake katia yasiyochemshwa. Na baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Barafu ile ilikuwa dhahiri shahiri, wala haikujisemea hata harufi moja. Mwalimu alimwambia kachanganyikiwa. Na alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya walimwengu. Ilibidi aje Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, aulizwe swali lile lile, wanafunzi wakiona mwenzao amewafedhehesha, naye asilidharau, alichukue akalijaribu. Fundi wake wa maabara aliona ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kulirudia jaribio mpaka lipatikane jibu sahihi! Matokeo yamenena mbele ya macho yake, naye hakuyasikia. Wapo wataalamu ambao hadi leo hawalikubali jambo hili, na huenda haki iko kwao. Lakini hata kulikana hawangaliweza kama kijana yule hangaliuliza kwa maneno yaliyo wazi.

Kwa hiyo nasema, na nimeambiwa mara nyingi kwamba nazidisha: asipewe shahada mtu ambaye hajaieleza tasnifu yake kwa Kiswahili mbele ya wale inaowahusu, na kuulizwa nao. Naambiwa muda hautoshi, na ni kweli. Naambiwa mwenye kusoma nyota atakwenda kwa nani. Hapo sina jawabu la kuridhisha. Naambiwa istilahi hazipo, na hilo silikubali, maana kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI imo maktabani tangu mwaka 1990, haikuchakaa kwa kufunuliwa.

Nami si msemaji hodari. Niliwahi kwenda Paje, wakati wa bamvua, kuwaeleza wakulima wa mwani kwa nini mwani aina ya kotonii unawafia, nikasema takriban saa nzima juu ya joto la bahari na wastani wake. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyeloa mpaka kiunoni alifungua uzi kambani, akaniwekea kiganjani tawi lililogeuka jeupe, likakatika pale pale.

“Mwanangu,” akasema, “huu tuung'oe leo, au tuuache?”

Nikafungua daftari langu, nikapekua kurasa zote, naye kasimama ananingoja, maji yakianza kurudi.