Mawindo ya Jioni ya Mume na Mke katika Milima ya Upare

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama, Same)



Tumetakiwa na Halmashauri kusema maneno machache juu ya jambo lolote la nchi hii ambalo karani aweza kufaidika kwalo. Tumechagua mawindo ya jioni; wala si mawindo ya fahari, ya watu wenye bunduki mbili mbili na wapagazi, bali yale ya mume na mke watokao nyumbani jua likitua, kwenda kumngoja nguruwe mwitu penye shamba lao. Labda mtu atasema moyoni, "Habari za nguruwe zina nini na kazi ya ofisi?" Twamwomba asubiri kidogo, maana nguruwe huyo mwisho wake huja mezani petu kwa umbo la karatasi.

Katika Marekani na Kanada iko desturi ya kuwinda dubu, mnyama ambaye katika nchi zote za kusini ya Sahara hayuko porini. Mume na mke hukata leseni, kila mtu na yake, wakapanda milimani alasiri na kungoja, maana dubu hupenda kutoka kutafuta chakula jua likipungua. Katika majimbo mengi sheria yawataka waache kupiga bunduki nusu saa baada ya jua kutua. Basi hurudi kambini. Wakipata wamepata, wakikosa wamekosa, na aghalabu hapana mtoto wao atakayelala na njaa kwa sababu ya dubu aliyeponyoka. Hatuwalaumu, kila nchi na mambo yake. Lakini mawindo ya Upare huanza pale pale ya wenzetu yanapokoma, yaani giza likiingia, na anayekosa amekosa chakula cha mwaka.

Wageni walio kati yetu, waliohamishiwa Same juzi juzi, huona nchi kavu yenye miba kando ya reli na barabara kuu, wakadhani Upare yote ni hiyo. Sivyo. Milima yenyewe ni safu mbili, Upare Kaskazini katika wilaya ya Mwanga na Upare Kusini katika wilaya yetu, na kilele kilicho kirefu kupita vyote ni Shengena, penye msitu wa Chome, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,400. Huko juu ni baridi, mvua hupatikana, na watu hulima mahindi, maharagwe, ndizi, kahawa na tangawizi. Nyuma ya milima, kuelekea mpaka wa Kenya, iko Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na hifadhi ya taifa mwaka 2008, ikipakana na Tsavo Magharibi. Basi mkulima wa Upare Kusini amekaa kati ya nyumba mbili za wanyama: juu msitu, chini hifadhi. Nguruwe, nyani na kima humshukia kutoka juu. Tembo humpandia kutoka chini.

Sasa tumseme nguruwe mwenyewe. Nguruwe mwitu si ngiri. Ngiri hutembea mchana, na mtoto aweza kumfukuza kwa kelele. Nguruwe mwitu hushinda kichakani mchana kutwa, akatoka usiku pamoja na kundi lake. Dume lililokomaa laweza kufika uzito wa kilo 100, na meno yake ya chini hukata kama kisu. Macho yake si makali, lakini pua na masikio yake hayana mfano. Akiingia katika mahindi hali suke moja akaondoka; huangusha bua zima, akatafuna kidogo, akaenda kwa jingine. Kundi moja likipata nafasi, kwa usiku mmoja huharibu kazi ya miezi mingi. Nyani ni mwizi wa mchana, aweza kulindwa na mzee au kijana. Nguruwe ni mwizi wa usiku, ndiyo sababu humtoa kitandani mume na mkewe pamoja.

Mwaka uliopita, tulipokuwa likizoni, tuliandamana na bwana mmoja na mkewe, watu wa makamo, ambao shamba lao limepakana na msitu. Ilikuwa mwezi wa Januari, mahindi ya vuli yakiwa yameanza kukaza punje. Saa kumi na moja jioni watoto walikabidhiwa kwa bibi yao. Mama alichukua debe tupu, tochi, na makande katika kibuyu kilichokatwa. Baba alichukua mkuki, panga, na mbwa wawili waliofungwa kamba. Tukashuka kwa njia nyembamba ya mawe, pahali pengine kwa kushika mizizi, hata tukafika dunguni, ule ulingo wa miti uliojengwa katikati ya shamba.

Kabla ya kupanda, mama alichota majivu ya moto wa jana akayapeperusha. Yalielekea juu, penye msitu. Akasema, "Baba, upepo wapanda. Tukikaa hapa watatunusa kabla hawajatoka." Baba hakubishana naye hata kidogo. Tukaliacha dungu, tukazunguka kwa upande wa korongo, tukakaa juu ya njia ya nguruwe, upepo ukitupiga usoni. Tuliuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyemfundisha bibi huyu. Mume akajibu, "Mimi nina mkono, yeye ana masikio. Mwindaji ni sisi wawili."

Hata saa tatu usiku hapakuwa na kitu ila baridi. Kisha tulisikia bua likivunjika, na jingine. Sisi tulidhani ni mbwa wa jirani. Mama alinyosha vidole vinne gizani, akamgusa mumewe begani ili avihesabu kwa mkono, maana yake wako wanne. Baba akainuka na mkuki. Mama akamshika nguo: "Ngoja. Kuna mdogo analia. Jike lipo karibu naye." Wenye kazi hiyo wanajua kwamba jike lenye watoto halikimbii, bali humrukia mtu, na katika mteremko ule wa mawe mtu hana pa kukimbilia. Wakangoja mpaka kundi likasogea, dume likabaki nyuma. Ndipo mama akapiga debe upande wa chini kwa nguvu zake zote, mbwa wakafunguliwa, na dume likapanda moja kwa moja penye pengo alilosimama mumewe. Mkuki ulilipata ubavuni. Mbwa mmoja alikatwa paja, lakini aliishi.

Mtu asiyejua atasema, "Basi walipata nyama." La. Nyumba ile ni ya Waadventista Wasabato, ambao misheni yao ilifika Upare mwaka 1903, nao hawali nguruwe. Na Waislamu wa kijiji kile vile vile hawamli. Usiku mzima wa hatari, na mzoga hauna faida kwa aliyeua. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba haya si mawindo ya kutafuta kitu, ni mawindo ya kuzuia kitu kisipotee. Kulipokucha, safu tano za mahindi zilikuwa chini. Hawakulala, maana asubuhi ile ilikuwa zamu yao ya maji ya ndiva, yale mabwawa yaliyojengwa na wazee kukusanya maji ya usiku, na anayekosa zamu yake hupita siku nyingi bila maji. Mama alichukua jembe, baba akamfunga mbwa kidonda, kisha akatuomba tumwandikie barua ya kutoa habari kijijini.

Sasa, ndugu wanachama, tumefika mezani petu. Katika zamani za wazee mtu aliwinda kwa desturi ya kwao. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Wissmann, alitoa amri ya uwindaji, na tangu hapo kila serikali iliyokuja imeweka sheria yake, hata sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 na ile ya mwaka 2009 iliyoifuata. Sheria hizo zina maana njema, maana pasipo sheria wanyama wangekwisha. Sumu, mashimo, mitego na taa za kumtia mnyama kiwi zimekatazwa bila ruhusa. Lakini mtu amepewa haki ya kujikinga nafsi yake na mali yake. Ila aliyeua hana budi kutoa habari, na pembe, ngozi au meno ni nyara za Serikali. Hapo ndipo mkulima hupata taabu. Si kwamba ni mhalifu, bali hajui kuandika maneno yapasayo. Aliyekesha usiku kulinda mahindi aweza kuonekana kama mwizi wa nyara kwa kukosa karatasi moja.

Tena kuna habari ya fidia, ambayo kwa haki haiitwi fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Zilipanga kwa ekari moja shilingi 25,000 hadi 100,000, kwa kadiri ya umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, wala si zaidi ya ekari 5. Na shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpakani halikupangiwa kitu. Tena hayo ni kwa wanyama wakali waliotajwa, kama tembo, nyati, kiboko, simba na chui. Nguruwe hayumo. Nyani hayumo. Nungunungu hayumo. Basi mwenye shamba lililoingiliwa na tembo mara moja kwa mwaka ana karatasi ya kujaza. Mwenye shamba liliwalo na nguruwe kila usiku hana karatasi, ana debe na mkewe tu.

Hatusemi haya ili kuilaumu Serikali, ambayo sisi ni watumishi wake. Twasema kwa kuwa karani ndiye mlango wa kwanza. Mkubwa huona yale tuliyoyaandika. Tusiyoyaandika, kwake hayakutokea. Kwa hiyo tunawaomba wanachama mambo matatu.

Kwanza, mkulima akija na habari ya mnyama asiyemo katika orodha, tusimrudishe kwa neno "huyu hahesabiwi". Tuandike tarehe, saa, mnyama, zao, na ukubwa wa pahali palipoharibiwa. Habari za mwaka mmoja zikikusanywa, Afisa wa Wanyamapori na Halmashauri ya Wilaya watakuwa na kitu cha kushika mkononi. Zisipokusanywa, watakuwa na manung'uniko tu, na manung'uniko hayajengi hoja.

Pili, tuwaandike wote wawili. Tulipoandika barua ya yule bwana, tulimwuliza, "Ni nani aliyelinda shamba?" Akajibu, "Mimi." Kisha akamtazama mkewe aliyekuwa akinawa matope ya ndiva miguuni, akasema, "Andika sisi." Tukaandika majina mawili. Hili si jambo la adabu tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini siku mume akifariki na ndugu zake wakaja kudai shamba, haki ile hutafuta ushahidi. Na ushahidi wa mjane ni nini, ikiwa katika karatasi zote za miaka ishirini jina lake halimo, ingawa masikio yake ndiyo yaliyolinda kila suke? Kwa karani ni mstari mmoja zaidi; kwa mwanamke aweza kuwa ni nyumba na shamba.

Tatu, tuwakumbushe wazee wa vijiji jambo ambalo Wapare wanalo tangu zamani, nalo ni msaragambo, kazi ya watu wote kwa pamoja. Kwa msaragambo mifereji husafishwa na barabara hutengenezwa. Kwa nini mume na mke wakeshe peke yao, kila nyumba kwa shamba lake, na nguruwe wakifukuzwa hapa waende kwa jirani? Nyumba kumi zenye mashamba yanayopakana zikigawana zamu, kila nyumba yaweza kukesha usiku mmoja katika kumi. Na kwa upande wa tembo, ambaye mtu mwenye akili hamkabili kwa mkuki, wenzetu wa Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki katika Kenya, wamefunga mizinga ya nyuki katika ua wa mashamba, maana tembo huogopa nyuki. Nao wenye mashamba huvuna asali. Jambo hilo halina siri, na Upare si nchi isiyojua nyuki.

Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengi wetu hulala katika nyumba za mjini, na mahindi yetu hutoka sokoni. Jioni hii, tutakapofunga ofisi na kwenda kunywa chai, wako watu katika miteremko iliyo juu ya mji huu wanaopeperusha majivu kutazama upepo. Kesho au kesho kutwa mmoja wao atasimama mbele ya dirisha letu na kofia mkononi. Tumpe kiti, tutoe kalamu, tumwulize kwanza jina lake, kisha tumwulize na jina la aliyekuwa naye.