Kurudi Kutoka India Si Kupona

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya kamati ya ustawi katika sherehe ya miaka 10 ya chama chetu, Mombasa)



Waliotutangulia wameeleza habari za hisa, mikopo na akiba. Sisi tumepewa jambo moja tu: safari ya mwenzetu aliyekwenda India kutiwa nyonga mpya, na yaliyofuata aliporudi. Mwenyewe ameturuhusu tuyaseme, ila jina lake tuliache. Leo amekuja hapa kwa miguu yake, na hilo latosha.

Hebu tuanze na ugonjwa wenyewe. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilicho katika mfupa wa kiuno. Baina yao kuna gegedu, laini na lenye utelezi, linalozuia mfupa kusaga mfupa. Gegedu hilo huweza kulika kwa umri au kwa ajali ya zamani. Wengine, kama baadhi ya wagonjwa wa selimundu, damu hukosa kufika vizuri kwenye kile kichwa cha mfupa, kikafa na kubonyea. Maumivu huanza kwenye kinena, na mara nyingine huteremka hadi gotini. Ndiyo maana mwenzetu alijipaka dawa ya goti mwaka mzima, na kumbe goti lilikuwa zima. Picha ya eksirei ndiyo iliyosema kweli.

Dawa za maumivu zikishindwa, na mtu akawa halali usiku wala hawezi kupanda ngazi, daktari wa mifupa huweza kushauri upasuaji. Kichwa kilichoharibika hukatwa, chuma chenye kichwa kipya kikatiwa ndani ya paja, na kikombe kipya kikawekwa kiunoni. Si jambo la kubahatisha. Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, aliupa upasuaji huu sura inayofuatwa hadi leo, mwaka 1962. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba karibu nyonga 6 katika kila 10 zilidumu miaka 25.

Sasa, kwa nini India? Upasuaji huu hufanywa hata hapa Kenya, na tunamshauri kila mtu aulizie hapa kwanza. Kwa mwenzetu, foleni ya hospitali ya umma ilikuwa ndefu na bei ya hospitali ya binafsi ilimshinda. Alileta barua ya makisio kutoka hospitali moja ya Chennai, na hata ukiongeza nauli, bado hesabu ilikuwa chini.

Hapo ndipo chama kilipotikisika. Siku ile ya mkutano tulikaa tangu saa 8 mchana mpaka magharibi. Wako waliosema fedha ya dharura ni ya wote, haiwezi kumezwa na mguu mmoja. Wengine wakauliza, je, akifia huko? Na wengine wakasema, kama mwanachama wa miaka yote hii atatambaa na sisi tuna akiba benki, basi tunaweka akiba ya nini? Jamani, hayo yalikuwa maneno mazito, na kila upande ulikuwa na haki yake.

Mwishowe tulikata hivi: sehemu moja iwe mkopo juu ya hisa zake, sehemu ya pili itoke kwa watoto wake, na sehemu ya tatu tuitafute kwa harambee. Fedha ya dharura isiguswe. Ndipo mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akainua mkono, akauliza: “Na akirudi, nani atamvua kiatu?” Tukacheka. Lakini swali lile ndilo lililookoa safari nzima, na ndilo lililotuleta mbele yenu leo.

Kwa watakaopitia njia hii, matayarisho ni haya. Omba makisio kwa maandishi, yakionyesha siku za kulala hospitali, aina ya nyonga na mazoezi baada ya upasuaji. India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa na ya wasindikizaji wasiozidi wawili. Mwenzetu alikwenda na binti yake. Wasafiri kutoka Kenya hutakiwa kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Meno mabovu, vidonda na sukari iliyopanda vitibiwe kabla ya kuondoka, maana vijidudu vikiingia kwenye nyonga mpya kuvitoa ni kazi kubwa. Na kabla hujakata tiketi, mtafute daktari wa hapa atakayekubali kukuangalia ukirudi. Daktari wa Chennai hawezi kuja Mombasa kufungua bendeji.

Alikatwa siku ya Jumanne. Jumatano alisimamishwa akiwa ameshika fremu ya kutembelea, akapiga hatua 4. Alitupigia simu akilia, nasi tukadhani ni maumivu. Kumbe ni furaha, maana ule uchungu wa kusagana haukuwapo tena. Kilichobaki ni uchungu wa kidonda, nao hupungua.

Kuruka ndege mapema nako kuna hatari yake. Baada ya upasuaji wa nyonga, damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu, na bonge hilo likipanda mapafuni huua. Hatari huwa kubwa zaidi majuma ya mwanzo, na kukaa kitako saa nyingi huizidisha. Basi usipange tarehe ya kurudi kwa kutazama bei ya tiketi. Daktari aliyekupasua ndiye aseme, tena kwa barua. Mwenzetu alikaa huko majuma zaidi ya 4 katika chumba cha kupanga karibu na hospitali. Shirika la ndege liliombwa kiti cha magurudumu mapema, na ndani ya ndege aliinuka kila baada ya muda kunyoosha miguu.

Alipofika nyumbani, watu walikuja kumpongeza, wakidhani mambo yamekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Karatasi ya hospitali ilisema kwa miezi 3 asikunje nyonga kupita pembe mraba, asikunje nne, wala asijipinde ghafla, isije ikachomoka. Yasome hayo ukiwa katika nyumba ya Kiswahili! Choo ni cha kuchutama. Kibao cha mbuzi cha kukunia nazi ki chini. Jiko la makaa li chini. Mkeka uko chini. Maisha ya mwanamke wa kwetu ni ya kuinama, na yeye kukatazwa kuinama.

Ndipo lile swali la kiatu likajibiwa. Seremala alitutengenezea kiti cha choo kilichoinuliwa. Kitanda kiliinuliwa kwa matofali, na mikeka ikaondolewa asije akateleza. Wanachama 12 waligawana siku za kupika, kufua na kukuna nazi kwa majuma 6. Sala alisali akiwa amekaa kitini. Na kila asubuhi mmoja wetu alihesabu mazoezi pamoja naye: kukaza paja, kuinua mguu pembeni, kutembea hadi mlangoni, halafu hadi dukani. Nyonga mpya isiyofanyiwa mazoezi huwa na misuli dhaifu, na mtu hubaki akichechemea kwa chuma alichokilipia.

Juma la pili tangu arudi, ndama ya mguu ilivimba na kuwa moto. Mkaza mwana wake alidhani ni uchovu wa kutembea. Lakini zamu ya usiku ule ilikuwa ya mwenzetu aliyekuwa ameisoma ile karatasi, naye hakungoja asubuhi. Kiti cha tuktuk ni cha chini, basi jirani akaamshwa atoe gari, mito ikawekwa kitini, wakaenda. Kipimo kilionyesha bonge la damu kwenye mguu. Alitiwa dawa ya kuyeyusha damu usiku uleule, akaendelea nayo kwa miezi. Daktari alisema wamewahi. Akiba yote iliyomfikisha Chennai ingeweza kupotea usiku mmoja kwa kukosa mtu wa kukaa naye.

Kwa hiyo, kina mama wenzetu, tunaleta maombi mawili. La kwanza, kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi kwa mfuko wa uuguzi, uwe mbali na ule wa dharura. Huu si wa kulipa hospitali. Ni wa nauli za kliniki, chakula, na kumfidia muuguzi siku aliyofunga kibanda chake. La pili, vile vifaa, yaani fremu, magongo na kiti cha choo, viwe mali ya chama, viazimwe mtaani bila malipo. Tayari vimekwisha kwenda kwa mzee mmoja aliyevunjika paja, ambaye si mwanachama wala mkewe si mwanachama.

Nanyi wafadhili wetu, mkiulizwa mchango wenu ulikwenda wapi, waambieni ulikwenda katika mguu mmoja, na mguu huo umerudi sokoni. Mwenzetu ameanza kulipa mkopo wake. Amebakiza miezi 7.

Mwaka huu mpya wa chama tuzidi kuweka fedha, na tuziweke siku zetu pia, maana mgonjwa huhitaji vyote viwili.