Hesabu Itangulie Msingi: Namna ya Kuanza Biashara ya Vyumba vya Kupangisha

(Mada iliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Mstaafu akipokea kiinua mgongo, mkulima akivuna vizuri, mama wa genge akifunga mwaka na akiba, fikra ya kwanza inayowajia wengi wao ni kujenga vyumba vya kupangisha. Fikra hiyo ni njema. Walimu, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara wanaohamia kwetu wanahitaji mahali pa kulala, na pango la kila mwezi humsitiri mtu ambaye nguvu za jembe zimempungukia. Lakini tukipita vitongojini tunayaona pia mapagala: kuta zimefika usawa wa linta, mbuzi wanalala ndani, nyasi zimeota sebuleni. Kila pagala ni jasho la mtu lililosimama juani. Ombi langu kwenu leo ni moja: hesabu itangulie msingi.

Tuchukue mfano wa kujifunzia, kisha kila mmoja aweke bei za mahali pake. Ndugu mmoja anajenga vyumba 4 kwa shilingi 20,000,000, na kila chumba anakipangisha kwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Wengi hufanya hesabu ya haraka: vyumba 4, miezi 12, jumla shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo imesahau mambo matatu. Kwanza, chumba hakikosi kukaa wazi mpangaji mmoja anapoondoka na mwingine bado hajapatikana. Tukikadiria miezi 10 yenye pango kwa kila chumba, tunabaki na shilingi 2,000,000. Pili, ipo kodi ya pango ya asilimia 10, yaani shilingi 200,000. Tatu, kitasa huharibika, bati huvuja, shimo la choo hujaa. Tutenge shilingi 200,000 nyingine kwa matengenezo. Kinachobaki mkononi ni shilingi 1,600,000. Kwa mwendo huo, fedha ya ujenzi itarudi baada ya miaka 12 na nusu.

Sisemi hayo ili kumvunja mtu moyo. Nyumba iliyojengwa vizuri huishi zaidi ya miaka hiyo, na pango huweza kupanda. Nasema ili tuone hatari iliyojificha katika mkopo. Ndugu yule yule akikopa shilingi 20,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza pekee inakaribia shilingi 3,200,000. Vyumba vinampa nusu ya hiyo. Ataitoa wapi nusu ya pili, na fedha ya mkopo wenyewe? Hapo ndipo nyumba ya familia iliyowekwa dhamana huingia mnadani. Ndiyo maana sheria inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla ya nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani. Mume na mke waifanye hesabu hii pamoja, mezani, kabla ya kalamu kugusa karatasi ya benki.

Hali kadhalika kwa anayetaka kuuza shamba ili ajenge. Aandike kwanza shamba hilo linampa nini kwa mwaka: chakula cha nyumbani, magunia ya kuuza, ada za watoto. Akikuta ya shamba ni mengi kuliko ya vyumba, basi jibu amelipata bila kumuuliza mtu.

Njia iliyo salama zaidi kwa mwenye kipato kidogo ni kuanza na vyumba viwili vilivyokamilika. Mchoro uwe wa nyumba nzima, lakini ujenzi uende kwa awamu, na kila awamu ifike mwisho: paa, plasta, sakafu, milango, choo na bafu. Vyumba viwili vyenye wapangaji vinalipa, na pango lake litanunua saruji ya awamu ya pili. Kuta za vyumba nane zisizo na bati hazilipi hata senti, na kila msimu wa mvua unazila.

Kabla ya kununua kiwanja, fika ofisi ya ardhi ya Halmashauri uthibitishe mambo matatu: kiwanja kimepimwa, anayekiuza ndiye mwenye haki nacho, na eneo limepangwa kwa matumizi ya makazi. Ardhi ya kijiji ina taratibu zake kupitia Halmashauri ya Kijiji, nazo zifuatwe. Angalieni pia hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na anayejenga ndani yake ataandikiwa alama ya X. Ukiridhika na kiwanja, peleka mchoro na uthibitisho wa umiliki ili uombe kibali cha ujenzi. Kibali kipatikane kabla ya jembe la kwanza la msingi, kwa maana kusahihisha mstari katika karatasi ni rahisi kuliko kubomoa ukuta.

Choo kisiachwe kuwa jambo la mwisho. Vyumba 4 vyaweza kubeba watu 12 au zaidi, na shimo lililotosha familia moja halitawatosha. Shimo liwe mbali na kisima, angalau mita 30, na pawe na njia ya gari la kunyonya majitaka. Ofisa afya wa kata yupo, mwiteni aone mahali kabla hamjachimba.

Umeme nao huzaa ugomvi pale wapangaji wote wanapotumia mita moja: huyu ana jokofu, yule ana taa moja tu, na wote wanachangia sawa. Kila chumba kikiwa na mita yake, maneno huisha. Kumbukeni pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa anaponunua umeme, mrejeshee au umpunguzie katika pango. Nyumba moja ikiwa na mita kadhaa, toeni taarifa kwa mamlaka inayohusika ili kodi isikatwe katika kila mita.

Sasa nije kwa mpangaji, ambaye ndiye mteja wa biashara hii. Mkataba uandikwe, hata kama mpangaji ni mtoto wa jirani. Utaje kiasi cha pango, tarehe ya kulipa, nani anatengeneza nini, na notisi ya kuhama. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja. Mpeni stakabadhi kila anapolipa, na mpelekeni kwa mwenyekiti wa kitongoji aandikishwe katika daftari la wakazi. Kudai pango la miezi 6 au 12 kwa mkupuo huwafukuza wapangaji wema wenye mshahara mdogo. Miezi mitatu yaweza kukupa mtu atakayekaa miaka mitano.

Asipolipa, msiezue bati wala kung'oa mlango. Anayefanya hivyo hujigeuza kutoka mdai kuwa mshtakiwa. Baraza la Kata lina kazi ya kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko, mkataba na nakala za stakabadhi ndivyo vitakavyokusemea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja leo. Ukurasa wa kwanza uandikwe bei ya kiwanja, kibali, tofali, bati na choo, na ukurasa wa pili pango mnalotarajia kwa miezi 10. Mwenye daftari hilo akifika ofisi ya Mtendaji wa Kata ataelekezwa kwa mtaalamu anayehusika, na maswali yake yatajibiwa kabla hajatoa fedha.